Kabla Ukurasa Haujafungwa

Aikande, mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekusikia ukiimba bafuni, kisha nikakuona ukijipakulia bakuli la pili la mtori bila kukaribishwa, nikaridhika kwamba u mzima. Hali yangu nayo unaijua kuliko daktari. Basi salamu tumezimaliza, na ni vizuri, maana muda sina. Umeshuka Kiboriloni kununua begi ukasema utarudi saa kumi na mbili. Sasa hivi ni saa tisa na robo. Ukiwa umerithi kwa mama yako utarudi saa moja. Ukiwa umerithi kwangu utarudi saa kumi na moja, na utanikuta na kalamu mkononi.

Sitakufundisha namna ya kuishi Dar es Salaam. Shangazi yako amefanya kazi hiyo tangu Jumapili: maji yachemshwe, mlango ufungwe, na wanaume wanaotabasamu kabla hujawasalimu waogopwe. Jana nilijaribu kuongeza neno moja kuhusu soksi, akanikata. "Soksi tumeshazizungumza, Mwalimu." Nimebaki na jambo moja tu ambalo yeye hawezi kukusemea, ingawa ametishia mara mbili kwamba atalisema.

Naliandika haraka, kabla sijapata akili ya kulizungusha.

Mwaka jana chuo hakikukukataa. Kilikukubali. Barua niliichukua mimi posta, nikaisomea palepale kwenye ngazi, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaamua. Nilikaa mezani nikakiandikia chuo kwa Kiingereza safi, kwa jina lako, nikiomba nafasi yako iahirishwe mwaka mmoja kwa sababu za kifamilia. Halafu nikatia saini. Yako.

Nimeacha nafasi hapo juu ili uvute pumzi. Sasa endelea.

Miaka yote niliyofundisha hesabu, kosa ambalo sikulisamehe hata mara moja ni mwanafunzi kusaini ripoti kwa niaba ya mzazi wake. Niliwajua kwa mkia wa herufi. Niliwapanga mstarini nikawahutubia kuhusu uaminifu mpaka wengine wakalia kabla ya fimbo. Halafu nikakaa mezani kwangu, mtu mzima, mzee wa usharika, nikafanya mazoezi ya saini ya binti yangu nyuma ya kalenda. Mara ya kwanza A yako ilitoka kama kuku aliyekanyagwa. Mara ya tatu nikajipa alama sabini na tano kwa mia, nikaridhika. Ndivyo nilivyokuwa, Aika. Nilijisahihisha mwandiko, jambo lenyewe nikaliacha bila kulitia hata alama.

Sababu? Unaijua, lakini acha niiandike ili isije ikajipamba. Mama yako alikuwa na miezi minne kaburini. Sikujua chumvi inakaa wapi. Kuna siku ulikwenda Sanya Juu kwenye harusi ukalala huko, nikakoroga chai yangu kwa chumvi, nikainywa yote, kwa sababu kuimwaga kungekuwa kukubali kwamba nimekosea katika nyumba ambayo hakuna hata wa kunicheka. Usiku ule mmoja ulinitosha. Barua ya chuo ilipofika niliona miaka mitatu ya chai ya namna hiyo.

Nilijiambia sikukatalii, nakuahirisha tu. Mwaka mmoja, kisha kila kitu kitaendelea kutoka pale kilipoachwa. Wewe nikakwambia wamekukataa. Ulipokuwa jikoni ukisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata tangu zamani, nilikuja mlangoni nikasema, "Hata vyuo hukosea, mwanangu." Ukaniitikia, "Asante baba." Ile asante ninayo mpaka leo.

Usidhani sikujuta. Kesho yake nilishuka mjini nikamwendea kijana wa dirishani posta.

"Naomba unirudishie barua niliyoitumbukiza jana."

"Shikamoo mzee. Barua ya nani?"

"Ya binti yangu."

"Basi aje yeye mwenyewe."

"Niliiandika mimi."

"Mzee, ni yako au ni ya binti?"

Nikamwangalia, akaniangalia. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikanunua stempu moja ambayo sikuihitaji, nikaondoka.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Ulipata kazi kwenye ile kafe ya intaneti Njoro, nami nikaanza kushuka nawe Jumanne na Alhamisi, kwa kisingizio cha kusoma magazeti. Uliniweka kwenye kompyuta ya kona, ile ambayo hakuna mteja aliyeitaka kwa sababu herufi E ilikuwa inahitaji kupigwa ngumi. Ukanifundisha kutengeneza ukurasa, kisha kuandika JavaScript, lugha ya kuuamuru ukurasa, na mimi, ambaye nilidhani nimeshajifunza yote niliyopangiwa, nikawa napanda mlima jioni nikiwa na haraka ya kesho. Nasema haya ujue, lakini usiyahesabu upande wangu. Mtu akiiba mbuzi halafu akamlisha vizuri, bado ameiba mbuzi.

Kisha mwaka huu chuo kikaandika tena, na safari hii barua uliichukua wewe. Ulikuja ukikimbia kati ya miti ya kahawa, ukaisoma kwa sauti, ukasimama katikati ya sentensi.

"Baba, wanasema 'kama ulivyoomba'. Mimi niliomba nini?"

"Barua za maofisini zinafanana," nikasema. "Wanabadilisha majina tu."

Ukacheka, ukanikumbatia. Siku hiyo ndipo nilipoamua kukiri. Na kwa kuwa mimi ni mwoga mwenye elimu, sikukiri kwa mdomo. Nilitafuta njia ya kitaalamu.

Ulikuwa umenifundisha amri ile ya setTimeout. Uliniambia ni kama kumwachia mlinzi kazi: unamtajia kazi yenyewe, unamtajia muda wa kungoja, wewe unaendelea na mambo yako, na muda ukifika anaifanya. Nikaona hii ni amri iliyotungwa kwa ajili yangu. Ningetengeneza ukurasa wenye salamu na picha ya mama yako, nikuombe uukague kama zoezi, na dakika kumi baadaye maneno ya kukiri yatokee chini yenyewe, wakati mimi nimeshapanda zangu nyumbani nimejificha migombani. Kazi niliipa jina kiri. Nikaandika setTimeout(kiri, 10). Nikakuita. Ulikuwa unamrudishia mteja chenji, ukasema, "Nakuja baba." Nikaufungua ukurasa nikainuka, mkono ukitafuta fimbo yangu ya kutembelea.

Yakatokea papo hapo. Sikuwahi hata kuigusa ile fimbo. Mbele ya macho yangu, kwa herufi kubwa nilizozichagua mwenyewe ili uzisome vizuri: MWAKA JANA CHUO KILIKUKUBALI. Nikavua koti nikalitupia skrini, nikaikumbatia.

"Baba! Vipi?"

"Kizunguzungu."

"Kaa chini basi. Mbona umeng'ang'ania kompyuta?"

"Ndiyo iliyo karibu."

Ulipokwenda kuniletea maji nikanyofoa waya ukutani. Wewe ukadhani umeme umekatika, na wateja wote nao wakadhani hivyo, kwa sababu waya ule ulikuwa unalisha kompyuta zote saba. Yule kijana wa karibu na dirisha akashika kichwa. "Jamani! Nilikuwa nimefika 'wako akupendaye'!" Namwomba radhi naye, popote alipo. Natumaini aliiandika upya, na kwamba mara ya pili ilikuwa fupi.

Amri ile inahesabu kwa milisekunde. Elfu moja ndiyo sekunde moja. Ulikuwa umenieleza, tena ubaoni, na mimi, mwalimu wa hesabu, nilisahau kuuliza kipimo. Wanafunzi wangu walikosa alama kwa jambo hilo miaka na miaka.

Baada ya wiki mbili nikajaribu tena. Safari hii nilikuwa mwangalifu: nilitaka kwanza kupima kwa sentensi isiyo na madhara. Ilikuwa Jumamosi, shangazi yako amemaliza kuuza ndizi zake, amekaa karibu nami anakunywa soda akisubiri tupande pamoja. Nikatengeneza kazi nyingine nikaiita mfano, na ndani yake nikaandika jambo la kwanza lililonijia. Nikaweka laki sita, yaani dakika kumi kamili. setTimeout(mfano(), 600000). Dakika kumi zilitosha kabisa, nilijiambia, shangazi atakuwa ameshakwenda kununua sukari.

Yakatokea papo hapo: Dada yangu hukoroma kanisani.

Shangazi akaweka chupa chini taratibu. "Nani anakoroma?"

"Ni mfano tu."

"Mfano wa nani? Una dada wangapi wewe?"

"Nilitaka kuona kama itachelewa."

"Ungeichelewesha mpaka nife!"

Wewe ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Ulipopata sauti ukanionyesha kosa: yale mabano mawili matupu baada ya jina. "Baba, ukiweka mabano hujamwachia mlinzi kazi. Umeifanya mwenyewe sasa hivi, halafu umempa mikono mitupu akae nayo dakika kumi. Mpe jina tu. Mabano ataweka yeye."

Njia nzima shangazi alitembea mbele yangu. Tulipofika juu, huku akichochea moto wa sufuria ya ndizi za pombe ya mbege, akaniuliza yale mambo ya kuchelewesha ni ya nini hasa, nami nikamweleza jinsi mlinzi anavyongoja na programu inavyoendelea. Akaona mara moja. "Ni kama hizi ndizi. Nikishazichemsha naziweka pipani, naenda kukata majani ya ng'ombe. Mimi sikai kulitazama pipa." Kisha akaongeza, akikoroga, "Na pipa nalo halinitazami mimi. Linachacha tu."

Hapo niliacha kusikia alichoendelea kusema. Aika, nilikuwa nimeielewa amri ile kwa akili tu. Nilidhani kuahirisha ni kusimamisha. Kumbe amri ile haisimamishi kitu. Inaweka jambo moja kando, na mistari yote iliyo chini yake inaendelea kukimbia. Manka, rafiki yako, ambaye mlipanga tangu shule kukaa chumba kimoja, hakukungoja, alikwenda na mwenzake mwingine. Ulijifunza kusema "mimi si wa chuo" kwa sauti ya kawaida, na nilikusikia ukiwaambia wateja. Uliacha kunisahihisha Kiingereza changu mezani, mchezo wetu tangu ukiwa darasa la tano, kwa sababu uliamini chuo kimekuona hujui. Yote hayo yalichacha pipani wakati mimi najiambia kwamba nimebonyeza tu kitufe cha kusubiri.

Nikamwambia shangazi yako kila kitu, palepale motoni. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha. Alisema tu, "Mwalimu, una mdomo. Utumie."

Sikuutumia. Nilijaribu mara ya tatu.

Mara ya tatu sikukosea, nakuapia. setTimeout(kiri, 600000). Hakuna mabano, hakuna sifuri iliyopungua. Niliihakiki kwa penseli kwenye karatasi. Nikakufungulia ukurasa, nikakuaga, nikapanda mlima bila kugeuka nyuma, nikaenda kukaa chini ya mgomba ule wa mbali karibu na mfereji, nikangoja. Nilikaa mpaka siafu wakanigundua. Saa kumi na mbili nikakusikia ukija, unapiga mluzi.

"Shikamoo baba. Mbona uko huku na viatu vya kanisani?"

"Marahaba. Hukuona kitu leo?"

"Kitu gani?"

"Kwenye ukurasa wangu."

"Ah, ni mzuri! Picha ya mama imekaa vizuri sana. Niliusoma nikaufunga, wateja walikuwa wengi."

Ulikuwa umeufunga. Dakika ya tatu au ya nne, sijui. Nikakuuliza, kama vile nauliza jambo la darasani, mtu akiufunga ukurasa kazi iliyokuwa inangoja inakwenda wapi. Ukanijibu huku ukinikung'uta siafu mgongoni: "Haiendi popote baba. Saa ya kutega inaishi ndani ya ukurasa. Ukurasa ukifungwa, nayo imekwisha. Kama haijawahi kuandikwa."

Unakumbuka nilivyoinuka nikaenda zangu bila kukungoja? Ulidhani ni siafu.

Wiki ile ile daktari aliniambia habari za moyo wangu. Alizisema kwa Kiswahili kizuri, bila haraka, na mimi nilikuwa nawaza kwamba ameshachelewa, nimeshaelezwa na mtoto wangu migombani. Mimi ndiye ukurasa, Aika. Kila nilichokiweka kingoje, kinangoja ndani yangu, na mtu wa kunifunga hatauliza kama kuna dakika zilizobaki.

Sasa ni saa kumi na nusu. A imeanza tena kunitoka kama kuku aliyekanyagwa, lakini safari hii ni A halali.

Asubuhi nilimwomba shangazi anichumie jani la isale pale mpakani mwa shamba. Unajua nilivyokuwa nikilidharau. Nilipokuwa kijana mwenye cheti kipya niliwaambia wazee kwamba watu wakitaka kusameheana waseme, jani ni la nini. Sasa najua ni la nini. Ni la watu kama mimi, ambao wakifungua mdomo hutoka maelezo. Alipolileta akaniona nalilaza bapa ndani ya daftari.

"Funga fundo," akasema.

"Silifungi."

"Bila fundo hilo ni la kulisha mbuzi! Likifungwa ndipo asipoweza kukukatalia."

"Ndiyo maana silifungi."

Amesonya, amekwenda jikoni. Mimi nimeshakuamulia mara moja. Fundo liko mikononi mwako, na kama jani litakauka bila kufungwa, litakuwa limekauka kwa haki.

Sasa hivi amerudi na uji, akaona barua imefika kurasa hizi zote.

"Utampa saa ngapi?"

"Nitaiweka ndani ya begi, chini ya nguo. Ataikuta akifika."

Akauweka uji chini. Kisha akaniuliza, kwa upole ambao hajawahi kunionyesha tangu tukiwa watoto, "Basi linatembea masaa kumi. Hizo ni zile sekunde zako ndogo ngapi, Mwalimu?"

Nikazihesabu, maana siwezi kuulizwa hesabu nikaacha. Milioni thelathini na sita.

Aibu niliyoiona, mwanangu, haikuwa ndogo. Nimezeeka, ninakufa, nimeshachekwa na kompyuta mara tatu, na bado mkono wangu ulikuwa unatega saa. Tena nilikuwa nimekupangia ukasirike peke yako, chumbani kwa wageni, siku ya kwanza, nami nikiwa huku na blanketi nimetulia. Hapana. Kama ni kukasirika, kasirika hapa, nikiwa bado na masikio. Kama ni kuondoka kesho bila kuniaga, uondoke ukijua ni kwa nini, na mimi nijue. Ninachokiogopa si hasira yako. Ninaogopa ile asante ya jikoni. Nisiende kaburini nikiwa nimeshukuriwa kwa jambo lile.

Mbwa ameanza kuchezacheza getini, hafanyi hivyo kwa mtu mwingine. Saa kumi na moja kasoro kumi. Kumbe umerithi kwangu.

Namsikia shangazi akikwambia, "Pitia kwa baba yako kwanza, begi tutaliona baadaye." Karatasi hizi nitakupa mkononi, na jani juu yake. Fimbo nimeiegemeza ukutani, mbali kidogo, nisije nikapata wazo. Nitasimama kadiri miguu itakavyokubali, na utaisoma hapa kibarazani mpaka mwisho.

Mwisho ndio huu. Inua macho, Aika. Niko mbele yako, sijakimbilia migombani.

Baba yako